Ndio, nauza bima. Na hapana, sijaisha

Tangu niseme hapa kwamba nimeanza kazi ya ajenti wa bima, nimeletewa pole kama mtu aliyefiwa. Mmoja ameandika "msee, hata wewe?" na emoji tatu za kulia. Mwingine aliuliza kama akaunti yangu imeibiwa. Na kuna wale wachache, nafikiri watano, waliouliza swali la maana: hiyo kazi iko aje, na wao waingie ama wakae mbali?

Hao watano ndio naandikia leo. Wengine mnaeza kusoma mkiendelea kulia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usiseme nilikuzungusha. Kazi ya bima ni kazi poa, na Kenya tunaihitaji kuliko tunavyokubali. Lakini venye vijana wanaingizwa kwa hiyo kazi ni njia ya kuwachomea jina kwa watu wanaowapenda, halafu wakishachomeka, wanatupwa na wengine wanaletwa. Hizo ni vitu mbili tofauti na watu wanazichanganya. Ukiona ajenti amekusumbua mpaka umem-block, usikimbilie kulaumu bima. Uliza alifundishwa na nani kukusumbua hivyo.

Kwanza hebu niseme nilifikaje. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, na hiyo stori mnaijua. Tangu hapo nimekuwa nikitengeneza video na kuandika hapa. Kuna miezi inaingia, kuna miezi unakula chapati kavu na chai ya rangi ukisema ni mtindo. Na hata inapoingia, tangu Julai 2023 kuna kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni, kwa hivyo usidhani sisi ni watu wa doo ya bure. Nilitaka kazi ya pili ambayo haiulizi digrii. Ukitafuta kazi ya aina hiyo Nairobi, utakuta mambo matatu: kamari, kuuza ploti za mbali, na bima. Ya kwanza sitaki, ya pili naogopa kuja kushikwa siku moja. Ikabaki bima.

Sasa, tangazo la kazi. Kama umewahi kutafuta kazi tao unalijua hata kabla sijalisema. "Tunahitaji vijana 20, uzoefu hauhitajiki, kazi ya ofisi, njoo na CV kesho saa mbili asubuhi." Hakuna mahali neno bima limetajwa. Unafika kwa jengo fulani, ghorofa ya saba, lifti imeharibika, unapata wenzako arubaini wamevaa suti za kuazima. Kuna msee wa kutoa hotuba, tai nyekundu, anaonyesha picha ya gari. Anasema alianza kama nyinyi. Saa moja na nusu inapita na bado hujui unauza nini. Halafu ile slaidi ya mwisho ndio inasema: nyinyi mtakuwa washauri wa fedha.

Washauri wa fedha, jamani. Ndani ya hiyo rumu, kwa hesabu yangu ya haraka, wengi wetu tulikuwa na deni la Fuliza asubuhi hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefuliziwa nauli. Na tulikuwa tunaenda kumshauri mtu wa miaka hamsini afanye nini na akiba yake.

Kisha inakuja karatasi. Na hapa ndio nataka tukae kidogo, ju hapa ndio kila kitu huharibikia.

Karatasi ina mistari 100. Unaambiwa andika majina 100 ya watu unaowajua, na namba zao. Mama, baba, majirani, mwalimu wako wa darasa la sita, msee mliyesali naye kanisani, ex wako, mama ya ex wako. Wanakuambia "usihukumu, andika tu". Nikauliza ni ya nini. Jibu likawa: hili ndilo soko lako.

Fikiria hiyo hesabu kwa upande wa kampuni. Ukileta vijana 20, kila mmoja ana majina 100, hayo ni majina 2,000. Kwa sababu hao watu wanakupenda, wengine watanunua. Hawatanunua ju wanahitaji, watanunua ju ni wewe. Anti atachukua moja akusaidie kuanza maisha. Rafiki ya baba atachukua moja kwa heshima ya baba. Ukifika jina la thelathini, wanaokupenda wameisha. Miezi mitano, sita, huna mtu mwingine wa kupigia, huuzi, na kwa sababu hulipwi mshahara bali komisheni, unaondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Kampuni inabaki na wale wateja wako. Wiki inayofuata tangazo linarudi: tunahitaji vijana 20.

Sisemi kila kampuni iko hivyo. Niliyoishia kufanya nayo haikuniomba karatasi yoyote, na ndio maana niko nayo. Lakini hiyo karatasi nimeiona kwa macho yangu mahali pawili tofauti, na nikikutana na ajenti mwenzangu nikimuuliza "wewe pia uliandika majina?" anacheka kile kicheko cha mtu aliyeshikwa.

Sasa nikuambie hiyo karatasi hufanya nini upande ule mwingine.

Nina anti yangu anauza mitumba, mambo ya nguo za watoto. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kuuziwa bima ya elimu na binti wa rafiki yake wa kanisani. Shilingi 2,500 kila mwezi, miaka 10, mtoto akifika kidato cha kwanza pesa ziko. Anti aliona ni kama benki: unaweka, siku ukitaka unatoa. Hakuna aliyemwambia sivyo. Alilipa miezi 14. Kisha biashara ikalala, ule mwaka ambao hata wewe unaukumbuka, akashindwa. Akaenda ofisini kuomba chake, elfu 35. Akaambiwa hakuna kitu.

Akalia, akasema ameibiwa. Na hapa ndio shida iko: kisheria hakuibiwa. Mikataba mingi ya bima ya maisha yenye akiba ndani yake haina thamani ya kurudishiwa mpaka uwe umelipa muda fulani, na mara nyingi muda huo ni miaka 3. Ukitoka kabla ya hapo unatoka mikono mitupu. Ilikuwa imeandikwa, kwa ukurasa fulani ndani ya faili ambalo anti aliliweka juu ya kabati likiwa bado na plastiki yake. Yule binti alikuwa ameshaacha kazi kitambo, hata hakukaa mwaka. Nina hakika naye hakuwa akijua. Alifundishwa kuuza, hakufundishwa kueleza.

Kilichopotea hapo ni zaidi ya elfu 35. Anti na yule rafiki yake, waliokuwa wakiimba kwaya moja miaka kumi na kitu, hawaongei. Mpaka leo. Hiyo ndio bei halisi ya ile karatasi, na haijaandikwa mahali popote kwa vitabu vya kampuni.

Kwa hivyo nilipomwambia anti kwamba nimeingia bima, unaeza kujua nilipokelewa aje. Aliendelea kukunja nguo. Baadaye akauliza, bila kuniangalia, "Na hiyo ya kwangu ungeniuzia?"

Nikamwambia, "Hapana, Anti. Pesa yako inapanda na kushuka. Hiyo inataka mtu wa mshahara."

"Basi utakula nini, kijana yangu?"

Swali zuri. Ngoja tulijibu kwa namba, ju watu wengi wanaingia hii kazi bila kupiga hesabu hata moja.

Tuchukue pikipiki. Tuseme bima yake ya mwaka ni shilingi 4,000. Komisheni ya bima ya magari na pikipiki haizidi asilimia 10, kwa hivyo wewe unapata 400. Ajenti anakatwa kodi ya asilimia 10 kwa komisheni kabla hata haijamfikia, hiyo ni 40. Umebaki na 360. Ulienda kumwona mwenye pikipiki mara mbili, ju mara ya kwanza alikuwa ameenda kupeleka mteja. Toa nauli, toa bando. Ukibaki na mia mbili, shukuru Mungu. Ndio maana ukiuza za pikipiki lazima uuze nyingi, na lazima zikae mahali pamoja, steji moja, ili usizunguke Nairobi nzima kama upepo.

Upande wa bima ya maisha komisheni ya mwaka wa kwanza ni kubwa zaidi, kubwa sana ukilinganisha, halafu inashuka miaka inayofuata. Unaona sasa kwa nini kila ajenti mpya anakukimbiza na bima ya elimu na si ya pikipiki? Sio kwamba anapenda watoto wako. Na kampuni nyingi zina kitu kingine ambacho kwa hotuba ya ghorofa ya saba hakitajwi: mteja akiacha kulipa mapema, ile komisheni uliyopewa inarudishwa. Umeshaila, umelipia keja, na sasa unadaiwa. Nimeona kijana akiondoka kwa hii kazi akiwa na deni kubwa kuliko aliloingia nalo.

Kwa hivyo mtu akikuambia utapata laki moja mwezi wa kwanza, muulize moja tu: mwezi wa kumi na tatu je?

Nikishasema hayo yote, mbona bado niko? Ju nimeanza kuona bima mahali ambapo sikuwa nikiiona.

Cheki simu yako. Hesabu grupu za WhatsApp za michango ulizoongezwa bila kuulizwa. Mimi mwaka uliopita nilihesabu 11. Mazishi saba, bili za hospitali nne. Kila moja ina mweka hazina, ina namba ya M-Pesa, ina orodha inayopakiwa upya kila jioni na tiki za kijani, na ina yule mjomba anayeandika "tusisahau leo ndio mwisho" kwa herufi kubwa. Wakenya wanasema hawapendi bima. Kwa kipimo cha uchumi ni kweli, malipo yote ya bima nchini hayafiki hata asilimia 3 ya pato la taifa. Lakini hizo grupu ni nini kama si bima? Watu wengi wanatoa kidogo ili mmoja aliyeangukiwa asivunjike. Hiyo ndio maana yenyewe ya bima, mwanzo mpaka mwisho. Sisi tunailipa kila mwezi, ila tunailipa baada ya ajali kutokea na bila mkataba.

Na bila mkataba kuna tatizo ambalo tunaona aibu kulitaja. Mchango hulipa kulingana na umaarufu. Ukiwa mtu wa watu, mcheshi, ulikuwa ukihudhuria kila harusi, grupu inajaa siku mbili. Ukiwa mtu mnyamavu, fundi wa viatu aliyekaa kona moja miaka ishirini akisalimia tu, kamati inasogeza tarehe ya mazishi mara ya kwanza, halafu ya pili, na mochari inahesabu siku. Nilikuwa kwa grupu moja ya aina hiyo. Tulikuwa watu 43, na jeneza lilinunuliwa na watu 6. Hakuna aliyemchukia marehemu. Ni vile tu hakuna aliyemjua sana.

Bima ya mazishi, ile ofisi zinaita last expense, haijali kama ulikuwa mcheshi. Jina liko, umelipa, cheti cha kifo kimeletwa ama barua ya chifu kulingana na mkataba, pesa zinatoka kwa siku chache. Hiyo ni heshima fulani ambayo mchango hauwezi kuhakikisha. (Kuna kitu mchango hufanya ambacho bima haiwezi, lazima niwe mkweli. Mchango huleta watu nyumbani. Cheki ya kampuni haikai na mama yako usiku. Sitaki grupu zife. Nataka tu zisiwe ndizo zinazoamua kama jeneza litanunuliwa.)

Vijana wenzangu huniambia hawana haja, "mimi niko ishirini na mbili, nitakufa na nini". Sawa. Lakini hebu angalia ni nani anaongezwa kwa hizo grupu siku hizi. Ni wewe. Wazazi wetu wamezeeka na simu ni zetu. Hospitali pia usiniambie SHA inamaliza. Ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na uzuri ni kwamba haibagui mgonjwa. Lakini zile bili nne za grupu zangu zilikuwa za watu wenye SHA.

Turudi kwa steji, ju huko ndiko nimejifunza zaidi kuliko darasani. Wasee wa boda hununua bima ya kuonyesha polisi. Wanasema hivyo wenyewe, kwa sauti. Stakabadhi iko, afande ameona, twende. Hawajui inalipa nini. Ile bima ya lazima, ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inamlinda mtu mwingine utakayemuumiza ama kumuua barabarani, na kwa mtu mmoja sheria imeweka kikomo cha milioni 3. Pikipiki yako ikiharibika, hiyo bima haikujui. Ikiibiwa, haikujui. Mguu wako ukivunjika, haikujui. Nimewaeleza wasee hivyo na wakanikasirikia kama ni mimi niliyeiandika sheria mwenyewe.

Kibaya zaidi ni hiki. Bima ya pikipiki ya matumizi binafsi na ile ya kubeba abiria si kitu kimoja. Ile ya binafsi mara nyingi ni bei rahisi. Kuna maajenti, na najua nitachukiwa kwa kusema, wanaomuuzia mwendesha boda ile ya binafsi ili wamnase na bei. Anabeba mama na mtoto, anagongwa, kampuni inauliza: ulikuwa unafanya nini na abiria? Kesi inaisha hapo. Na fomu iliyojazwa "matumizi binafsi" imejazwa kwa mwandiko wa ajenti.

Kama kuna kitu kimoja nimekuja kuamini kwa hii kazi, ni kwamba kazi yenyewe ni ile fomu. Sio suti, wala kuongea sana. Fomu inauliza: una ugonjwa wowote? Mteja anasema, sukari kidogo. Ajenti mwenye njaa anasema, "andika hapana tu, hawawezi kujua". Hawatajua siku ya kuchukua pesa, hiyo ni kweli. Watajua siku ya kulipa, ju siku hiyo ndio wanaanza kusoma. Ukimwandikia mtu "hapana" ya uongo umemuuzia karatasi, na analipa kila mwezi akidhani ana mwavuli.

Watu wana sababu ya kutoamini, na mimi siwezi kuwaambia waache kuwa na wasiwasi. Kenya National Assurance ilikuwa ya serikali, na ilianguka 1996. United Insurance iliwekwa chini ya meneja wa kisheria 2005, Blue Shield 2011, na wenye matatu wa zama hizo wakikusimulia utachoka kusikia. Hiyo ni historia ya kweli. Siku hizi kuna IRA, mamlaka inayosimamia bima, na kuna PCF, mfuko wa kufidia wateja wa kampuni zilizoanguka. Pia sheria imefunga ule mchezo wa zamani wa kuandikiwa bima kwa mkopo: premiamu inalipwa kwanza, ndio bima inaanza. Je, hiyo imerudisha imani? Kidogo. Imani ya anti yangu hairudishwi na mamlaka.

Kwa wale watano, sasa. Mkitaka kuingia, kuna cheti cha lazima ambacho kila mtu anakiita COP. Unasoma, unafanya mtihani. Si mgumu, lakini usiende ukiwa umesoma video za TikTok peke yake, hata zangu. Baada ya hapo kampuni inakuombea leseni ya IRA, na hiyo leseni ni ya mwaka, inaisha tarehe 31 Desemba hata kama uliipata Septemba. Ukikutana na mtu anayekutuma uuze kabla ya leseni, "utaipata baadaye", toka hapo. Orodha ya maajenti wenye leseni iko wazi kwa tovuti ya IRA, mteja anaeza kukutafuta, na akikukosa utasema nini?

Kabla hujakubali, waulize wakuambie komisheni kwa kila aina ya bima, kwa maandishi. Waulize nini kinatokea kwa komisheni mteja akiacha. Waulize ukiondoka, wateja wako wanahudumiwa na nani, ju hao ndio mama zako. Na wakikupa karatasi ya mistari mia, iache mezani ikiwa nyeupe uone watasema nini.

Halafu usianze na mtu anayekupenda. Hilo ni langu binafsi, wengine watanipinga, wataniambia biashara yote huanzia nyumbani. Mimi nimeanza na watu ambao hawana sababu yoyote ya kunihurumia: wasee wa steji, na wenye biashara ndogo zenye wafanyakazi. Nenda kwa kuosha magari kokote ama saluni, uliza mwenyewe kama anajua WIBA, sheria ya 2007 ya fidia ya wafanyakazi. Wengi hawajui kwamba mfanyakazi akifa ama akilemaa kabisa kazini, fidia ni mshahara wa miezi 96. Kijana wa kuosha magari anayepata 15,000, hiyo ni zaidi ya milioni 1.4. Mwenye kazi anakaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Hapo humuuzii ndoto ya mtoto wake kuwa rubani, unamwonyesha shimo ambalo tayari liko chini ya kiti chake. Nimeuza mbili hivyo. Mbili, kwa miezi minne. Sitakudanganya ni ishirini.

Jumla, kwa hiyo miezi minne, bima imenilipa pesa kidogo kuliko video. Nimeweka hesabu kwa daftari. Lakini ile ya video inaisha mwezi ukiisha, na hii ya bima, mteja akirudi mwakani kulipa tena, nalipwa tena bila kuanza upya. Nimejipa mpaka Desemba ya mwaka ujao, leseni mbili, halafu nitaangalia daftari na kuamua. Nitawaambia hapa, ikilipa ama isipolipa.

Na anti? Hajanunua kitu, na sijamuuliza. Ila wiki tatu zilizopita alinipigia, akasema chama chao cha akina mama 18 wanataka mtu wa kuwaeleza hii bima ya mazishi, "na usikuje na suti". Nilienda na mkataba wenyewe, nikausoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa wa vitu ambavyo havilipwi nikausoma kwanza. Ilichukua saa mbili na nusu na mmoja alilala. Walikuwa na maswali ambayo ghorofa ya saba haina. Mume mwenye wake wawili anaandikaje? Mama mkwe wa miaka 81 anaingia? Mtu akifia Uganda je? La mwisho nilikuwa na jibu. La mama mkwe sikuwa nalo, ju kila mkataba una kikomo chake cha umri kwa wazazi, na huu wetu unasema 80.

Nimeandikia ofisi kuuliza kama kwa kundi la watu 18 wanaeza kusogeza huo mwaka mmoja. Hawajajibu. Mkutano ni Jumapili saa nane, na mama mkwe mwenyewe amesema atakuja.